Kamba ya Valary Mkononi Mwangu

Mliniacha mlangoni kwa Selipher, mtaa wa Karantina, Jeddah, jasho likinitiririka chini ya abaya, na aliyenifungulia mlango alikuwa Valary. Ndiyo, Valary yule yule.

Kwa aliyechelewa kuingia kwenye masaibu haya, mimi naitwa Jerioth. Valary alikuwa jirani yangu Riyadh, huko Al-Naseem, akifanya kazi nyumba inayopakana na yetu. Tulijuana juani, kila mmoja akianika nguo za watu juu ya paa. Alipochoka kupigwa na kufungiwa chumbani, mimi ndiye niliyempa namba ya Wesley, dereva wa Jeddah, amsaidie kutoroka.

Na Wesley alikuwa mchumba wangu. Alishanipeleka kwao Kapsabet, nikachinjiwa kuku, mama yake akaniita binti yangu.

Fadhila ya punda ni mateke. Mimi nilipofaulu kuhamishiwa kwa kafili mpya, mwajiri anayenidhamini, hapa Jeddah, Al-Rawdah, nilikuta Wesley ana njia yake ya Ijumaa, na njia hiyo inaishia kwa Valary. Mbele ya Wakenya wenzetu alinitambulisha kama "msichana wa nyumbani." Msichana wa nyumbani! Mimi niliyetoka Riyadh nikitaka neno moja tu kutoka kinywani mwake, alitamke mbele za watu: Jerioth ni mke wangu.

Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemwona Wesley kwa macho yangu akimtia Valary kitu mkononi. Kitu kidogo, kimefungwa kwa tishu. Valary alikitumbukiza kifuani haraka kama mwizi. Sikuhitaji kuambiwa. Jeddah ina maduka ya dhahabu kila kona, na kitu kidogo kinachofungwa hivyo ni pete.

Basi ndiyo maana Ijumaa ile, madam wangu alipokwenda Taif na watoto na kuniruhusu nimtembelee "dada yangu," nilifika Karantina nikiwa nimenoa ulimi.

"Dada Jerioth!" Valary alinirukia shingoni. "Mungu amekuleta. Leo ni siku yangu."

"Siku yako ya nini?"

"Ya kushuka kisimani."

Hapo inabidi niwaeleze. Selipher, mwenye chumba, ni mama wa Siaya aliyekaa Saudia hadi Karantina nzima inamjua. Wanawake wasio na karatasi wakishikwa na uchungu wa kuzaa, ni yeye anayeitwa. Na wenye donda la moyo aliwapikia kinywaji kichungu, cha kumfanya mtu aone yaliyofungiwa ndani yake. Usiniulize ni mti gani. Gazeti hili si duka la dawa, na baada ya haya utakayosoma sidhani utautaka.

Mwenyewe alikiita kisima. Mtu hashuki kisimani bila mshika kamba, alisema, na kwake kamba ilikuwa kamba kweli: utepe wa leso, ncha moja kwenye mkono wa anayekunywa, ncha ya pili kwa mtu asiyeonja hata tone, anayekaa naye mpaka arudi.

"Nilikuwa nimshikie mwenyewe," Selipher aliniambia, akijifunga kitenge. "Lakini amesema anakutaka wewe."

"Mimi?"

"Saudia nzima sina mtu mwingine ninayemwamini," akasema Valary.

Sijui uso wangu ulifanya nini. Ananichukulia mume, kisha ananipa na kamba nimshikie!

Selipher akaniketisha kwenye godoro, akanisomesha. Asiyekaa sawa moyoni hanywi. Mwenye mimba hanywi. Anayemeza dawa yoyote, ya hospitali au ya kupewa na rafiki, hanywi kabisa, kwa sababu dawa mbili zinaweza kugombana ndani ya mtu mmoja na mtu ndiye anayekufa. Kwa hiyo kabla ya kikombe ni maswali, tena polepole.

"Na akishashuka?" nikauliza.

"Akilia, mwache alie. Akitapika, mshikie beseni. Lakini mwili ukichemka na miguu ikakakamaa, usiningoje mimi wala usimngoje Mungu. Peleka hospitali, na uwaambie kila kitu alichomeza. Daktari hawezi kupigana na kitu asichokijua."

"Hospitali si ndiyo polisi, mama?"

"Polisi watamrudisha kwao. Kaburi halirudishi mtu." Akaninyooshea kidole. "Na lingine. Aliye kisimani haulizwi maswali. Mtu akiwa wazi hivyo hana mlango wa kufunga. Ukimuuliza, umemwibia."

Nikaitikia kwa kichwa kama mtoto wa sunday school. Moyoni nilikuwa nimesikia jambo moja tu: akiwa kisimani, hana mlango wa kufunga.

Mara hodi. Mwanamke wa Kihabeshi jengo la nyuma ameshikwa na uchungu. Selipher akachukua mkoba wake, akatuangalia kwa zamu.

"Msianze bila mimi. Nikichelewa tutafanya Ijumaa nyingine. Kisima hakihami."

Akatoka. Tukabaki wawili na kiyoyozi kinachokoroma.

Ningeweza kungoja. Naapa ningengoja. Lakini simu ya Valary ikalia, na akaipokea kwa sauti nyororo.

"Chamgei, Wesley."

Kisha Kinandi kitupu. Mimi wa Meru nikabaki kama gogo. Akacheka, akaniangalia, akanigeuzia mgongo, akacheka tena kidogo. Nikasikia jina langu likipita katikati ya maneno nisiyoyajua, na kila nilipolisikia nilihisi nimechekwa.

"Anakusalimia," akasema alipokata.

"Hajui namba yangu?"

Valary akaiweka simu chini. Nikasimama, nikachukua simu yangu, nikajifanya ninasoma.

"Selipher ameandika. Mtoto anachelewa kutoka. Anasema tuanze, yeye atatukuta."

Uongo ulinitoka laini kabisa. Na yule msichana akaniamini.

Nikamfunga leso mkononi. Nikauliza maswali, eti mimi ndiye mganga.

"Umekula?"

"Tangu jana jioni sijala, nimekunywa maji tu."

"Una mimba?"

Swali hilo nililiuliza kwa masikio yote mawili. Akacheka. "Ya nani, sister?"

"Uulize moyo wako," nikasema, nikaanza kumimina.

"Dada Jerioth, ngoja. Kuna kitu nataka kukuambia kwanza. Kumhusu Wesley. Kuna kitu huwa ananiletea..."

Mnaona? Alikuwa anafungua mdomo mwenyewe! Lakini nilimwona akilitafuta neno zuri la kunipaka mafuta, na sikutaka kupakwa mafuta. Nilitaka ukweli wa kisimani, ule usio na mlango.

"Halas," nikamwambia. "Utaniambia baadaye. Kunywa."

Swali la dawa sikuuliza. Sikulisahau. Lilikuwa linafuata, nikalipita.

Akanywa akikunja uso, akalala kwenye godoro, ncha ya leso ikiwa kiganjani mwangu. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha akaanza kulia polepole, akimwita mama yake kwa Kinandi. Alilia kama mtoto aliyepotea sokoni, na kuna wakati, nikiri, nilimhurumia. Nilikuwa nimesahau kwamba alizikiwa mama akiwa amefungiwa chumbani Al-Naseem. Nilikuwa nimemsikia siku ile kupitia ukuta wa paa.

Huruma ikaja, wivu ukaisukuma ukaketi.

"Valary."

"Mm."

"Wesley amekupa nini?"

Aliye kisimani haulizwi. Nilimuuliza.

Hakuficha hata kidogo. Akatabasamu huku machozi yakimtoka, akaingiza mkono kifuani, akatoa kile kitu cha tishu, akaniwekea kiganjani na kukifunga kwa vidole vyangu mwenyewe.

"Mwambie aniongezee," akasema. "Zimebaki kidogo."

Pete haziongezwi. Nikafungua tishu.

Vidonge. Kipande cha karatasi ya dawa yenye rangi ya fedha, vichache vimebaki, vingi vimeshabanduliwa.

Wasomaji wangu, nitawaambia ukweli ingawa unaniaibisha. Kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Si pete! Nilicheka peke yangu chumbani mle. Mwanaume wangu hajamvisha mtu pete.

"Ni vya nini, mpenzi?" nikamuuliza, sasa kwa sauti ya asali.

"Vya usiku. Vya kunitoa Al-Naseem kichwani. Nameza kila siku." Meno yakaanza kugongana. "Wesley alisema nisikuambie."

Kila siku.

Nikamshika paji la uso, nikautoa mkono haraka. Alikuwa anachemka. Jasho lilikuwa limelowesha godoro, macho yanacheza huku na huku, na nilipojaribu kumkunja goti, mguu ulikuwa mgumu kama mti wa mwiko.

"Valary! Valary, niangalie!"

"Mama, kuna joto," akasema. Hakuwa ananiona mimi.

Nikampigia Selipher. Simu yake ikalia chini ya godoro, pale pale nilipoketi. Nikafungua mlango nikaita kwenye kichochoro, akatokea mtu mmoja tu, akanitazama, akafunga mlango wake. Karantina watu hawajitokezi ovyo kelele zikisikika.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilibaki na mtu mmoja wa kumpigia, na mtu huyo ndiye nisiyetaka akimbie kwa ajili ya Valary.

Kuna sekunde, moja tu, nilikaa na simu mkononi nikawaza: nikingoja kidogo? Sitaiosha sekunde hiyo. Ilikuwepo, na ilikuwa yangu.

Kisha leso ikanivuta mkono. Ni mwili wake uliokuwa ukitetemeka, lakini nilihisi kama amenivuta yeye. Nikapiga.

"Wesley, hivi vidonge unavyompa Valary ni vya nini?"

"Vidonge gani?"

"Wacha mchezo! Anakufa!"

"Ni vya madam wangu," akasema, sauti imeshuka. "Vya mawazo. Madam aliviacha, akaniambia nitupe. Valary hakuwa analala, Jerioth, alikuwa anajigonga ukutani. Nilifikiri namsaidia."

"Nimempa kile kinywaji cha Selipher."

"Ati umempa nini?"

"Kuja na gari. Yalla!"

Alifika na gari la madam wake, lile lenye vioo vyeusi. Akambeba Valary mikononi, akimwambia maneno kwa Kinandi sikioni, njia yote mpaka kwenye kiti. Mimi nilifuata nyuma nimeshika ncha ya leso, maana sikuwa nimeifungua. Hata pale, hata hali ikiwa hiyo, niliangalia jinsi alivyomkumbatia kichwa. Wivu hauna adabu, hauachi viatu mlangoni.

Nilikaa nyuma na kichwa chake mapajani, nikimpangusa kwa kitambaa na maji ya chupa.

"Tukifika tutasema amekula chakula kibaya," akasema Wesley, akikata kona. "Usitaje kinywaji. Usitaje vidonge. Hapa ukisema neno hilo tunaingia ndani wote."

"Selipher alisema..."

"Selipher yuko wapi? Na kuna lingine. Watataka ikama. Valary hana. Kafili wake wa Riyadh alishamripoti ametoroka."

Yeye akaniangalia kwenye kioo cha dereva.

"Wewe unayo," akasema.

Ni kweli. Madam wangu wa Al-Rawdah ana moyo wake. Ikama yangu, kile kibali cha ukaazi, aliniachia nitembee nayo. Wasichana wengi wangeuza figo waishike yao mkononi. Ilikuwa kwenye mkoba wangu, jina langu, picha yangu. Nayo picha, tuseme ukweli, ni uso wa kila msichana aliyeshuka ndege jana: kitambaa kichwani na macho ya woga.

"Jerioth, tafadhali. Ni ya mlangoni tu."

Valary akagumia mapajani mwangu. Mguu wake ukapiga mlango wa gari, ukabaki umenyooka.

Nikaitoa, nikampa.

Hospitalini walimchukua kwa kitanda cha magurudumu. Karani akaichukua ikama, akaandika, akaibana kwenye karatasi za mgonjwa bila kuuangalia uso wa mtu. Valary akawa Jerioth.

Nesi Msudani akaja mbio. "Ish fi? Amekula nini? Amekunywa nini?"

"Mafi," akasema Wesley. "Mafi kitu. Chakula kibaya tu, samaki."

Nesi akamtazama Valary, akamshika mguu, akaona unavyoruka. "Samaki?"

Wesley akanikazia jicho. Kwenye mlango wa nje alisimama askari, mikono nyuma. Nilimwona. Nataka mjue kwamba nilimwona.

"Si samaki," nikasema.

"Jerioth!" Wesley akanong'ona, kisha akauma ulimi, maana jina hilo sasa lilikuwa limelala kitandani.

Nikamtia nesi vidonge mkononi. "Hivi anameza kila siku. Na leo amekunywa kinywaji cha kuona ndoto, cha mbegu na mizizi. Mchana, kabla ya adhana ya alasiri. Nimempa mimi, na sikumuuliza kama anameza dawa."

Nilisema kwa Kiarabu changu cha jikoni, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka. Nesi hakunigombeza. Aligeuza kile kipande cha karatasi ya fedha, akasoma, akapiga kelele, na watu wawili wakatokea wakikimbia.

"Umefanya vizuri kusema," akaniambia akiwa ameshageuka. "Tungempa dawa isiyofaa."

Walipoanza kumsukuma, leso ikakaza kati yetu. Nilitembea nao hatua chache, kisha nesi akatoa mkasi na kuikata. Nikabaki na kipande.

Karani akainua kichwa, kalamu mkononi, akamwangalia Wesley.

"Huyu Jerioth, wewe nani yake? Atakayehusika ni nani?"

Nilimwona Wesley akiangalia mlango ambao Valary alipitishwa. Alinyoosha mabega kama mtu anayeapishwa.

"Jerioth ni mke wangu," akasema.

Alilitamka wazi, mbele ya karani, mbele ya wagonjwa waliojipanga ukutani. Neno lenyewe, kamili, na jina langu ndani yake. Na wakati akilisema hakuniangalia hata kwa bahati mbaya.

Sikupata nafasi hata ya kulia, kwa sababu yule askari alikuwa ameshaondoka mlangoni na kusimama mbele yangu. Nilikuwa nimesema kwa sauti kubwa, na Kiarabu changu cha jikoni alikielewa vizuri.

"Wewe uliyempa kinywaji," akasema, akinyoosha kiganja. "Wewe ni nani? Ikama."

Nikamgeukia Wesley. Wesley akainamisha kichwa, akasoma fomu ya mke wake.

Nikafungua mkoba, nikaanza kutafuta kitu nilichojua hakimo.